Kurudisha Chuma Palipoliwa

Karasha la kusagia mawe ya dhahabu halifi ghafla. Huanza kwa beringi kulia. Fundi wa Nyamongo, mkoani Mara, akipita njiani huusikia ule mlio kabla ya mwenye mashine, kwa kuwa mwenye mashine amekwisha kuzoea kelele za mali yake: mawe yanavyopondeka, mkanda unavyopiga, mota inavyonguruma. Chini ya kelele hizo kuna sauti nyembamba ya chuma kinachokwaruza chuma. Vumbi la mawe ya dhahabu limejaa kwatzi, na kwatzi ni ngumu kuliko chuma cha kawaida. Likishapita kwenye sili na kuingia ndani, ile grisi iliyowekwa kulainisha inaanza kufanya kazi ya msasa.

Siku moja vitufe vya beringi vinakwama. Shafti haina habari. Inaendelea kuzunguka ndani ya pete iliyosimama, na kila mzunguko unaondoka na chuma kidogo. Mpaka mwenye mashine akimbilie swichi, pale palipokuwa na kipenyo cha milimita 50 pamebaki 49 na ushee.

49 na ushee haina duka. Beringi huuzwa kwa namba, na mafundi wameshika hesabu yake kichwani: chukua tarakimu mbili za mwisho, zidisha kwa 5, umepata tundu. Beringi ya 6310 inaingia kwenye shafti ya milimita 50, ya 6311 inataka 55. Kati ya hizo hakuna kitu, si Tarime mjini, si Mwanza, si ng'ambo ya mpaka wa Sirari. Unaweza kuipunguza shafti hadi 45 ukavaa beringi ndogo, lakini shafti ya karasha iliyopunguzwa hivyo huwa imeshaandikiwa siku ya kukatika. Njia iliyobaki ni kurudisha chuma mahali kilipotoka.

Zipo njia za mkato, na sizidharau. Ya kwanza ni kopo la soda: unakata ukanda wa bati, unauzungushia shafti, unagongea beringi juu yake. Ya pili ni kupiga shafti vitobo kwa panchi, safu kwa safu, ili kingo za kila kitobo ziinuke na kubana pete. Mtu ambaye mifuko ya mawe ya watu imejaa uani kwake na wenyewe wameanza kutazama karasha la jirani, usimhukumu akichagua kopo. Atasaga wiki, pengine mbili. Ila kopo halikai katikati. Shafti itazunguka kwa kuyumba, na kuyumba kutaimaliza beringi mpya upesi kuliko vumbi lilivyoimaliza ya zamani.

Kazi ninayotaka kuisifu ni ile ya mtu anayekataa kopo. Shafti niliyoifuatilia ililetwa kwenye karakana ya mabati, na mwenye karakana, mzee wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi, hakuigusa mashine ya kuchomelea kabisa kwa muda ambao mteja aliuona mrefu mno.

"Fundi, niifuate saa ngapi?"

"Kesho jioni, kaka."

"Kesho? Mbona wale wa pale chini wanaimaliza kwa saa moja?"

"Wapelekee. Halafu wiki ijayo utaniletea mimi, tena ikiwa vipande viwili."

Kisha akamgeukia kijana wake. "Mura, leta grenda." Kwa Wakurya mzee humwita hivyo kijana, na kwa sauti ile kijana alijua asisubiri kuambiwa mara ya pili.

Alichofanya na grenda kilichukua sekunde moja. Aligusisha jiwe kwenye ncha ya shafti akatazama cheche. Chuma laini, chenye kaboni kidogo, hutoa mistari mirefu iliyonyooka. Kaboni ikiongezeka cheche hupasuka njiani na kutoa matawi. Hizi zilipasuka. Hakuna karatasi iliyokuja na shafti ile, hakuna aliyejua ilitengenezwa wapi, lakini cheche zilimpa fundi habari moja iliyobadilisha mpango mzima: chuma hiki hakichomelewi kikiwa baridi.

Hapa ndipo ufundi wa kujaza shafti ulipo, na ndipo wale wa saa moja wanapokosea. Moto wa kuchomelea unazidi kwa mbali nyuzi 1,500 ambazo chuma huyeyukia. Shafti yenyewe ni nene na ni baridi. Tone la chuma kilichoyeyuka likidondoka juu yake, baridi ile inanyonya joto kwa kasi, na katika chuma chenye kaboni ya kutosha kupoa kwa kasi ni kugeuka kigumu na chepesi kuvunjika. Tabaka hilo halionekani. Limejificha chini ya chuma kipya kinachong'aa, na ndani yake nyufa ndogo huanza, pengine saa kadhaa baada ya mteja kulipa na kuondoka. Shafti ikikatika baadaye, itazame ilipokatikia: mara nyingi ni ukingoni kabisa mwa sehemu iliyojazwa.

Kwa hiyo fundi, kabla ya kuongeza, alipunguza. Aliifunga shafti kwenye mashine ya kukereza akaondoa chuma kingine zaidi pale palipoliwa, mpaka mikwaruzo, mafuta yaliyoungua na rangi ya buluu ya joto vikaisha. Mteja aliyeleta shafti iliyokonda akaona inakondeshwa tena, akanyamaza kwa shida. Baada ya hapo ikalazwa juu ya makaa. Fundi hana kipimajoto. Ana kikopo cha maji. Akinyunyiza tone likakauka kwa kelele, bado. Tone likikimbia na kucheza juu ya chuma bila kukauka mara moja, joto limefika kwenye nyuzi 200 hivi, na hapo ndipo kazi inaanza.

Rodi alizotumia zilikuwa za 7018, na zenyewe zilikuwa zimekaa pembeni ya jiko tangu asubuhi. Dawa iliyozizunguka hunyonya unyevu wa hewa, na unyevu ukiingia motoni huachia haidrojeni, ambayo hujipenyeza ndani ya chuma na kuharakisha nyufa zilezile. Wauzaji wengi wa rodi huziacha zimefunguliwa juu ya kabati mpaka ziishe. Ndiyo maana fundi huyu huzikausha mwenyewe.

Mstari wa kwanza aliuchora kwa urefu wa shafti, si kwa kuizunguka. Akagonga gamba, akapiga brashi ya waya, akaigeuza shafti nusu mzunguko, akachora wa pili upande wa pili kabisa. Kisha robo, kisha robo inayoitazama. Kila mstari ukipoa husinyaa, na ukisinyaa huvuta shafti upande wake. Ukijaza upande mmoja mpaka uishe, utapata shafti iliyopinda. Ukiwapa wavutaji wawili nguvu sawa, kila mmoja upande wake, shafti inabaki imenyooka katikati yao. Aliendelea hivyo, akiruka huku na huko, mpaka mistari ikakutana, bila haraka na bila kusimama kwa muda ambao ungeruhusu chuma kupoa. Ndicho nilichokipenda zaidi kukitazama: mtu anayekwenda polepole kwa sababu ya joto, na hawezi kupumzika kwa sababu ya hilohilo.

Usiku ule shafti ililala ndani ya pipa la majivu. Asubuhi ilikuwa bado ya uvuguvugu.

Rodi yenyewe, niseme kidogo, ilizaliwa kwa ajili ya kazi hii. Msweden Oscar Kjellberg hakuwa akitafuta namna ya kujenga vitu vipya. Alikuwa akihangaika na mabwela ya meli za mvuke yaliyokuwa yakivuja, na kuchomelea kwa waya mtupu kulimpa chuma kilichojaa matundu. Akapata wazo la kuupaka waya dawa itakayoungua na kufunika chuma kilichoyeyuka kisipate hewa. Mwaka 1904 akaanzisha kampuni mjini Gothenburg kwa ajili ya ufundi huo, nayo ni ESAB, ambayo rodi zake bado zinauzwa duniani kote. Nikisikia wataalamu wakisimulia juu ya kutengeneza vyuma kwa kuongeza tabaka juu ya tabaka, wakasema ni ugunduzi wa zama za kompyuta, huwa nawakumbuka mafundi wa kujaza shafti. Wataalamu wana haki kwa sehemu: mashine zao zinafuata mchoro, zinayeyusha unga wa chuma kwa mwanga wa leza, zinaweza kurudisha ncha ya bapa la injini ya ndege iliyolika. Lakini wazo la kurudisha kilichokwisha kwa kuweka tabaka juu ya tabaka lina zaidi ya miaka 100, na watu wake wengi hawajawahi kuitwa wavumbuzi.

Tatizo la joto, hata hivyo, leza haikulimaliza. Imelipunguza tu, kwa kuwa inayeyusha eneo dogo. Na kuna vyuma visivyosamehe hata joto dogo. Nenda Mugumu, kwenye karakana zinazohudumia Land Cruiser za watalii wanaoingia Serengeti kwa lango la Ikoma. Barabara za changarawe zenye mawimbi huvunja springi za majani kila siku. Fundi mzuri wa Mugumu ukimwomba achomelee jani lililokatika atakukatalia, atakwambia ulete jani jingine. Springi ina nguvu kwa sababu chuma chake kilichovywa na kupashwa kwa kipimo. Moto wa kuchomelea unafuta kazi yote hiyo kwa upana wa vidole viwili, na jani litakatika palepale, safari hii ukiwa mbali na mji. Kifuniko cha giaboksi cha alumini nacho kina hila yake. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, lakini ngozi ya oksidi iliyoifunika inahitaji zaidi ya 2,000. Haibadiliki rangi kukuonya. Iko imara, iko imara, halafu imemwagika.

Ndiyo maana niliposoma mara ya kwanza jinsi ya kuongeza chuma bila kukiyeyusha, niliona swali la Nyamongo na la Mugumu likijibiwa na watu ambao hawakuwa wakilifikiria.

Ilikuwa Novosibirsk, Siberia, katikati ya miaka ya 1980. Katika taasisi ya mekanika ya nadharia na matumizi ya Chuo cha Sayansi, Anatolii Papyrin na wenzake walikuwa wakichunguza mkondo wa hewa uendao kasi kuliko sauti, wenye chembe za unga wa metali ndani yake, unavyopita juu ya kitu kigumu. Kwa kasi ya kawaida chembe zilifanya kinachotarajiwa: zilipiga zikadunda, na kitu kikalika, kama kinavyolika kwa mchanga unaopulizwa. Lakini kasi ilipovuka kiwango fulani chembe ziliacha kudunda. Ziliganda. Kitu kilichokuwa kikikonda kikaanza kunenepa. Wengine wangeliona hilo kuwa uchafu wa jaribio, wakasafisha na kuendelea. Hawa wakalifanya ndilo kazi yenyewe. Hataza yao ya Marekani ilitoka mwaka 1994.

Kinachotokea ni hiki. Chembe ina upana wa sehemu ndogo sana ya milimita, kati ya 0.005 na 0.05 hivi, unywele wa mtu ni mnene kuliko hapo. Inasafiri mita 500 hadi 1,000 kwa sekunde, wakati sauti hewani huenda takriban 340. Ikigonga, inabonyea ghafla, na kwenye mpaka wa mgongano chuma kinalainika kwa muda mfupi usiopimika kwa akili na kuchuruzika kando. Kule kuchuruzika kunabeba ngozi ya oksidi na uchafu wote na kuutupa nje. Metali safi inakutana na metali safi, na zikikutana hivyo hushikana. Chembe ya pili inaigongelea ya kwanza, ya tatu ya pili. Tabaka linajengwa bila kitu chochote kuyeyuka, na kwa kuwa kila chembe inafanya kazi ya nyundo, tabaka hubaki limebanwa badala ya kuvutwa. Kusinyaa kule kunakompindia fundi shafti hakupo.

Wanauita upuliziaji baridi, na ubaridi wake ni wa mafundi: gesi, aghalabu nitrojeni, hupashwa hadi mamia ya nyuzi, wakati mwingine hata 1,000, ili iende kasi zaidi. Unga unapita humo kwa kitambo kidogo sana kiasi kwamba haufiki kuyeyuka. Kasi yenyewe inatokana na umbo la mdomo wa bomba, ambao unabana halafu unapanuka. Gesi ikifikia kasi ya sauti pale penye shingo, basi ikipanuka haipungui mwendo kama maji ya mto yanayofika pakubwa, inaongeza. Aliyeutumia mdomo huo kwanza, kwenye tabo ya mvuke mwishoni mwa miaka ya 1880, ni Gustaf de Laval, Msweden mwingine, yuleyule aliyebuni mashine ya kutenga krimu na maziwa mwaka 1878. Nchi ya wafugaji kama Mara ingependa kulijua hilo.

Waliouchukua ufundi huu kwa pupa ni wanajeshi. Victor Champagne na wenzake katika maabara ya utafiti ya Jeshi la Marekani waliutumia kwenye maganda ya giaboksi za helikopta, yaliyotengenezwa kwa magnesiamu, metali nyepesi inayoliwa na kutu na inayochukia kuchomelewa. Maganda ya bei kubwa mno yaliyokuwa yakikaa stoo kwa sababu ya shimo dogo la kutu yakaweza kupuliziwa alumini na kurudi kazini. Mwaka 2020 jeshi la Australia lilipeleka mashine ya kampuni ya SPEE3D porini, kaskazini mwa nchi yao, ili askari watengeneze vipuri hukohuko badala ya kuvisubiri.

Nikisoma habari hizo sikosi kufikiria barabara ya Tarime hadi Mugumu, inayopita Nyamongo na kuvuka Mto Mara. Ndani ya uzio wa North Mara, mgodi uliofunguliwa mwaka 2002 na ambao sasa Barrick anauendesha kwa ubia na Serikali kupitia Twiga Minerals, vipuri vina mikataba na magari ya kuvileta. Nje ya uzio kipuri ni safari ya mtu, akiwa na kile kibovu ndani ya mfuko wa salfeti, akiuliza duka hadi duka.

Hata hivyo sitaki kumwahidi mwenye karasha kisichomfaa. Upuliziaji baridi hupenda metali laini: alumini, zinki, shaba, nikeli. Chuma kigumu cha shafti ni mbishi. Chembe zake hazibonyei kwa urahisi, na tabaka lililopuliziwa tu, bila kupashwa baadaye, huvumilia kukandamizwa kuliko kupindwa na kuvutwa. Karasha linapinda, linavuta na linapiga, yote kwa pamoja. Kwa shafti ile ya milimita 50, rodi kavu, makaa na pipa la majivu vinashinda bado, na vitashinda kwa muda. Mugumu ndiko ningeanzia. Mji wa Obninsk, Urusi, hutoa mashine ndogo iitwayo Dymet, inayotumia hewa ya kompresa ya kawaida na kupulizia alumini, zinki au shaba iliyochanganywa na chembe ngumu za kusafishia njia. Ganda la giaboksi la alumini lililotoboka, silinda hedi yenye shimo la kutu, rejeta inayovuja: hizo ndizo kazi zake. Kompresa karakana zinazo tayari. Unga mzuri ndio ghali, na unga wa alumini unataka adabu, maana ukitimka hewani ukakuta cheche hulipuka.

Na ukishapulizia, bado hujamaliza. Hili husahauliwa katika sifa za mashine mpya. Liwe la rodi, la leza au la unga, tabaka lililoongezwa huwa na mabonde na vilima, wala halijui milimita 50 ni nini. Lazima mtu alikereze.

Kwa hiyo turudi kwenye mashine ya kukereza, siku ya pili. Fundi aliifunga shafti akaanza kuitafutia katikati, na hakupima pale alipojaza. Alipima kwenye kipande ambacho hakijawahi kuguswa na beringi wala moto, kwa kuwa hapo tu ndipo shafti bado inakumbuka ilivyozaliwa. Kisu kilipoanza kula, kiligonga: ta, ta, ta, kikikutana na vilima na kuruka mabonde. Kadiri alivyopunguza, migongo ikakaribiana, kisha sauti ikawa moja. Kijana akasogea na venia. Fundi akatikisa kichwa akachukua maikromita, kisha akaiweka chini pia na kumwambia waende wakanywe chai.

Sikuelewa mpaka nilipopiga hesabu. Shafti ya unene ule ikiwa na joto la nyuzi 40 zaidi inanenepa kwa milimita 0.024. Kiti cha beringi ya namna hii hutakiwa kiwe kati ya 50.002 na 50.018. Ukipima chuma kilichotoka kukerezwa, kingali na joto, utajiona umefika, na kikipoa kitakuwa chini ya kipimo na kazi yote ya jana imepotea. Walikunywa chai. Waliporudi akapima, akakata mara moja, unyoya wa chuma ukatoka mwembamba kiasi cha kupeperuka. Akapima tena, akazima mashine.

Mteja alikuwa amefika na beringi mpya mbili, na mdogo wake akaokota nyundo. Fundi akamwambia aiweke chini. Aliizamisha ile ya kwanza kwenye sufuria ya oili juu ya jiko, akaiacha ikaribie nyuzi 100. Pete ya ndani ikipata joto hilo inatanuka kiasi cha milimita 0.05, na hicho tu ndicho alichokihitaji. Akaitoa kwa koleo, akaivalisha shafti kwa mikono iliyovikwa matambara, na ikateleza hadi mwisho bila kupigwa. Akaishikilia pale mpaka ilipobana. Kisha akaitazama ile ya pili, akaisoma namba, akamuuliza mteja ameinunua duka gani, kwa sababu ilikuwa ya 6311.